Tundu la Sita

Mullen, Nebraska
9 Februari 1986

Shemeji Delmar,

Ukiona mwandiko wangu utashtuka, maana tangu tumzike mama yenu hatujaandikiana zaidi ya kadi za Krismasi. Hakuna aliyekufa. Lyle Pruett, yule dereva wa lori la ng'ombe, ndiye anayekuletea hili boksi la viatu. Ndani yake, ndani ya taulo, kuna bastola ya ndugu yako Orrin, pacha wa ile yako. Haina risasi. Niliangalia mimi, na Lyle naye akaangalia kabla hajaipakia kwenye lori.

Shida yake ni ukoko. Juzi nilitoka kulisha kuku, niliporudi nikamkuta ndugu yako mezani jikoni, bastola ameifungua mbele yake, na lile boksi la zamani la risasi ndefu liko pembeni. Moja ilikuwa imeingia nusu, imegoma. Akaniambia, "Haziingii. Ukoko umejaa." Nikamwambia, "Basi ipelekwe kwa Delmar, si ndiyo kazi yake?" Akasema, "Haya." Nikaitoa ile risasi, nikafuta meza, nikaweka sahani.

Shemeji, usiharakishe. Najua una wateja wengine, na hii si ya kutangulizwa mbele ya mtu. Hata ikikaa hadi majira ya kiangazi hakuna atakayekudai. Na usipige simu. Simu iko jikoni, na Orrin siku hizi anashinda jikoni. Halafu na sikio lako lile, mtapigiana kelele bure.

Ng'ombe tuliuza wote kabla ya theluji. Hii ni Februari ya kwanza tangu niolewe ambayo sina ndama mchanga aliyelowa wa kukausha mbele ya jiko. Nyumba imetulia kupita kiasi.

Nimekuwekea na jemu ya cheri za porini. Chupa yake irudishe.

Verlene


Douglas, Wyoming
15 Februari 1986

Shemeji Verlene,

Boksi limefika. Lyle alimaliza kahawa yangu yote na nusu ya jemu yako, kwa hiyo usinidai shukrani kubwa sana.

Nimeimulika silinda yake ya matundu sita kwa tochi nikacheka peke yangu. Huu ukoko hauji wenyewe, shemeji. Bwana mkubwa wako amekuwa akipiga risasi fupi kwenye bastola iliyochongewa ndefu. Si kosa, zinaingia na zinalia. Ila ganda la risasi likiwa fupi, moshi wote na uchafu unaganda pale mdomo wa ganda unapoishia, katikati ya tundu. Ukipiga miaka na miaka bila kusugua, inajengeka pete ngumu kama ile ya chini ya sufuria ya maharage uliyoisahau. Fupi zitaendelea kuingia bila kukuambia kitu. Siku ukitaka kutia ndefu, inafika kwenye pete, inagota, na silinda haifungiki. Ndiyo hayo yaliyomkuta.

Muulize anazitakia nini hizo fupi. Nilimwambia mbele ya watu, kwenye maonyesho ya kaunti, kwamba hizo ni za kufundishia mabinti wa shule ya Jumapili. Watu wote walicheka, yeye akapanda gari lake akaondoka, na hajanisemesha tangu siku hiyo. Mtu mzima! Baba angekuwa hai angemchapa kwa kununa, na mimi angenichapa kwa kusema, tungekuwa sawasawa.

Tundu la sita ni safi kama sahani. Nilijua litakuwa hivyo. Ile alama ya tupa aliyotupigia Baba nyuma ya silinda bado inaonekana. Utakuwa umeshasikia hadithi ya mjomba wetu alivyoangusha bastola ikalia yenyewe na kumkata kidole cha mguu, zaidi ya unavyopenda. Baba alitununulia bastola za kisasa ambazo hazina hatari hiyo kabisa, na bado akatuapisha: risasi tano tu, tundu lenye alama libaki tupu, nyundo ya bastola ilale juu ya tundu tupu. Nimewaambia wateja mara ngapi kwamba huo ni ushamba, na mwenyewe nafanya hivyo hivyo.

Wiki mbili zinatosha. Sitaki aseme Delmar amekuwa mzee.

Delmar


Mullen
20 Februari 1986

Shemeji,

Wiki mbili ni haraka mno. Nimekuambia usiharakishe, na nimesema nikimaanisha. Barabara ni barafu tupu. Loweka tu. Ukoko wa sufuria mimi huuloweka hadi nisahau kuna sufuria.

Umeuliza anazitakia nini risasi fupi. Hana tena. Zilipokwisha sikununua nyingine, na mjini haendi. Kwa kweli haendi popote. Barafu kwenye birika la kunyweshea farasi naivunja mimi. Tandiko lake la farasi, alilorithi kwa baba yenu, amempa kijana wa jirani, na mbwa amempeleka kwa Mchungaji Amdahl, akasema mbwa anahitaji mahali penye watoto. Mbwa mwenyewe ana miaka kumi na mbili, anahitaji mahali penye jiko.

Nilimuuliza anataka kula nini Jumapili. Akaniambia nipike ninachokipenda mimi, nizoee.

Basi. Endelea na kazi zako, hiyo iweke mwisho.

Verlene


Douglas
26 Februari 1986

Shemeji Verlene,

Nimekuelewa, na ninyi nyote wawili mnielewe na mimi. Mtu haleti kazi kwa fundi halafu kila barua amwambie asiifanye. Kama Orrin anaogopa nitamharibia silinda, aseme mwenyewe. Mdomo anao. Nimezisafisha bastola za masherifu watatu, sitashindwa na ya ndugu yangu.

Kwa hiyo nimefanya, na nimefanya vizuri, na nitakuambia nilivyofanya ili umsomee. Niliweka dawa ya kulainisha ukoko, nikaacha ilale. Brashi ya shaba, ukubwa mmoja zaidi ya tundu, haikufua dafu. Nikachana nyuzi za shaba kutoka kwenye kile kisuguo cha sufuria, nikazungushia brashi, nikaifunga kwenye drili inayokwenda polepole. Chuma sitii kamwe, chuma kinakwangua na ukoko na tundu lenyewe. Palipozidi ukaidi nikachukua ganda tupu la risasi ndefu, nikaupanua mdomo wake kidogo, nikanoa ukingo, nikalizungusha kwa mkono kama mtu anayekata biskuti. Ukoko ukatoka vipande vipande. Jaribio langu ni moja tu: ganda tupu likiachwa mdomoni mwa tundu, lidondoke lenyewe hadi mwisho. Matundu manne yamefaulu. La tano wiki ijayo.

Na jambo moja la kumtania. Kabla sijaanza kusugua niliona kwenye kila pete mkwaruzo mpya wa shaba, unang'aa. Matundu yote matano. Maana yake alijaribu tundu la kwanza ikagota, akahamia la pili ikagota, hivyo hivyo hadi la tano, na kila mahali alisukuma kwa nguvu, mpaka shaba ya risasi ikabaki ukutani. Alimwona nani, mbweha kwenye banda la kuku? Na tundu la sita liko pale pale linamtazama, safi, risasi ingezama bila kusukumwa! Mwambie nimesema kichwa chake kimejaa nyasi. Lakini usimwambie kwamba na mimi nisingelikumbuka.

Lyle anapita hapa Alhamisi ijayo, tarehe sita, kwenda kwenu. Nitampa boksi. Chupa yako ya jemu itakuwa ndani.

Delmar


Mullen
3 Machi 1986

Delmar,

Usimpe Lyle.

Nimepiga simu kwako kutoka dukani mara nyingi, inalia tu. Wewe uko kibandani na drili yako, husikii. Barua hii naituma kwa haraka, namwomba Mungu ikukute kabla ya Lyle.

Hakukuwa na mbweha. Kuku wangu wote wapo. Alikuwa amekaa jikoni peke yake na risasi ndefu kwa sababu fupi hakuna. Mimi sikutakiwa kurudi mapema, nilikuwa nimesema nikitoka kwa kuku ninapitia kwa Bi Amdahl, nikarudi kwa sababu nilisahau mayai yake. Unaelewa sasa? Sikukuletea bastola uisafishe. Nilikuletea itoke nyumbani. Pale mlangoni nilisema la kwanza lililonijia, kwamba ni kazi ya Delmar, kama vile alikuwa ameshika saa iliyosimama. Na yeye akakubali, sijui kwa nini. Labda kwa sababu tumezoea kukubaliana mambo ya kutengeneza vitu.

Na risasi fupi ulizomtania mbele ya kaunti nzima, alikuwa anazitumia kwa sababu ya mikono. Viungo vya vidole vyake vimevimba kama mizizi ya tangawizi. Ndefu zikilia zilikuwa zinamuumiza hadi kwenye kiwiko. Alinikataza kukuambia, akasema afadhali umwone mwoga wa kelele kuliko umwone kilema. Msimu uliopita alishindwa kumvuta ndama aliyekwama wakati wa kuzaliwa, ndama na mama yake wakafa mikononi mwake. Ndipo akauza wote.

Mimi nakasirika na wewe, nakasirika na yeye, na usiku nalala na funguo za makabati yote chini ya mto. Nimechoka, shemeji.

Usimpe Lyle hilo boksi.

Verlene


Douglas
7 Machi 1986

Shemeji yangu,

Barua yako nimeipata leo. Lyle alipita jana. Sikumpa. Kaa chini, pumua, kisha soma yaliyobaki.

Jumanne nilichukua bastola yangu niilinganishe na yake, nikaitia risasi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, mkono ukaruka penye alama ukafunga silinda. Sikuwaza chochote, mkono ulifanya wenyewe. Nikakumbuka nilivyokuandikia kwa kejeli, kwamba alijaribu matundu matano. Nikasimama na kitambaa mkononi. Mbweha hasubiri mara tano, Verlene. Mtu anayewinda mbweha akigota mara mbili anatukana na kutoka nje na koleo la nyasi. Mtu anayejaribu hadi la tano, kwa utulivu, huyo kitu anachokilenga hakikimbii.

Nikaikumbuka barua yako ya mbwa. Nilikuwa nimeisoma nikacheka.

Kwa hiyo Lyle alipokuja nilimwambia kazi bado. Akaniuliza itachukua muda gani, nikasema, "Sijui, ukoko wa watu wa Nebraska una ubishi." Akacheka, akala, akaenda zake. Tundu la tano sijaligusa na sitaligusa. Ganda la majaribio nimelitupa kwenye jiko.

Mikono sikujua. Mungu ananiona, sikujua. Ungeniambia ningefunga mdomo, au labda nisingefunga, najijua.

Sijui nimwandikie Orrin nini. Mimi najua kusugua tu. Lakini nitamwandikia. Barua ikija mpe mkononi, usimsomee. Lile boksi la risasi ndefu litoe lote, umpe Mchungaji, na umwambie kwa nini, huyo si wa kumficha. Na daktari wa North Platte mpigie wewe, usimngoje Orrin akubali. Mwambie ulivyomkuta Orrin, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia.

Umefanya vizuri kusahau mayai.

Delmar


Douglas
9 Machi 1986

Orrin,

Mimi ni ndugu yako, kwa hiyo usitafute jina mwisho wa karatasi.

Bastola yako ninayo. Verlene ameniambia alikukuta ukifanya nini, na usimkasirikie, kwa sababu nilishajua kabla hajaniambia. Uliandika mwenyewe. Ipo mikwaruzo mitano ndani ya silinda yako, na mimi ndiyo kazi yangu kusoma hayo.

Sitakuhubiria. Kanisani siendi, na wewe unajua. Nitakuambia nilichokiona kwenye meza yangu. Pete za ukoko zilikuwa kwenye matundu matano kwa sababu ulipiga risasi fupi, na ulipiga fupi kwa sababu ya mikono, na mimi nilikucheka. Nisamehe kwa hilo. Lakini zingekuwa ndefu, matundu yangekuwa wazi, na leo ningekuwa nimevaa suti ya mazishi. Mikono unayoichukia ndiyo iliyoziba mlango. Halafu la sita lilikuwa wazi tangu Baba aipige tupa. Halikuwa na pete. Hukuligusa. Yule mzee alitukataza ili tusije tukajipiga kwa bahati mbaya, na sidhani aliwahi kuwaza zaidi ya kidole cha mguu cha mjomba. Na bado amekushika mkono, naye yuko kaburini miaka yote hiyo.

Nimelia, Orrin. Nimekaa kwenye kiti cha wateja nikalia hadi mbwa wangu akatoka nje.

Nakuja Jumamosi. Bastola naiacha hapa, imelowekwa, na itaendelea kulowekwa. Kitanda sihitaji, nitalala kwenye kochi, ila mwambie Verlene sili biringanya. Tutavunja barafu ya farasi pamoja, halafu Jumatatu tunakwenda North Platte sote watatu kwa gari langu. Ukikataa nitakaa hadi ukubali, na unajua ninavyokoroma.

Usiende popote kabla sijafika.

D.


Mullen
20 Aprili 1986

Delmar,

Nimechelewa kukuandikia. Kalamu ni kazi, kama unavyoona mwandiko. Verlene alitaka kuandika kwa niaba yangu nikamkatalia.

Tangu uondoke nimekwenda North Platte mara tatu. Daktari wa vidonge ni mtoto, ana chunusi, lakini anasikiliza. Wa kuongea naye ni mwanamke, anafuga kondoo, kwa hiyo mara nyingi tunaongea kondoo, halafu ghafla najikuta nimeongea mengine. Kuna siku ni nzuri. Jana haikuwa. Nimemwambia Verlene jana ilivyokuwa, kama tulivyokubaliana, akakaa na mimi bandani hadi ikapita. Mchungaji amemrudisha mbwa, anasema alikuwa analia mlangoni. Nadhani hakulia, nadhani alikula soseji za ushirika.

Jirani amenipa ndama yatima wawili niwanyweshe kwa chupa. Chupa naweza kushika.

Uliniuliza siku ile kule bandani kuhusu tundu la sita, nikanyamaza. Sikukunyamazia wewe, nilikuwa sijui. Nimelifikiria sana. Watu wakisikia watasema sehemu ya moyo wangu ilikataa, ikaniachia mlango. Mwanamke wa kondoo naye alielekea huko. Ingekuwa vizuri, lakini sitaki kukudanganya. Sikulikataa. Sikuliona. Nilijaribu la tano, likagota, nikasema, "Basi, yamekwisha yote." Kwa akili yangu bastola ilikuwa na matundu matano. Nilikuwa nimekaa nawaza nifanye nini sasa, ndipo Verlene akaingia kuuliza mayai yako wapi.

Ulipoandika kwamba la sita lilikuwa wazi muda wote, nilishikwa na baridi ya mgongo ambayo hata siku yenyewe sikuisikia. Niliogopa, Delmar. Nilitoka nje nikasimama uani na barua yako, nikaona ninaogopa kufa kama mtu yeyote. Nilifurahi kuogopa.

Sasa, kuhusu bastola. Siitaki hapa. Lakini nitakuja huko Juni, jirani akishapiga chapa ndama wake, nimkabidhi wale wangu wawili. Nataka kulisugua hilo la tano mwenyewe, kwa mkono, bila drili, na wewe umeshika silinda. Kwa vidole hivi itachukua majira yote ya kiangazi.

Uiache kwenye dawa. Usiimalize kabla sijaja.

Orrin